Watoto Wasiohesabiwa

Mara ya kwanza nilifeli kwa swali moja tu. Ilikuwa mwaka 2003, katika chuo chetu kidogo cha afya pale Kitengela, vyumba vinne juu ya duka la mbao. Mtihani wa kumhoji mama mjamzito tuliufanyia kliniki moja huko Kajiado. Nilimuuliza mama wa Kimaasai: "Uko na watoto wangapi?" Akavuta shuka, akatazama pembeni. Kwa ujuaji wangu nikarudia kwa sauti ya juu, kana kwamba ni kiziwi. Akainuka, akaenda zake.

Naipanoi, Mmaasai niliyeketi naye dawati moja, alicheka hadi akashika mbavu. "Mathe, kwetu watoto hawahesabiwangi. Ukiwahesabu unawaitia mabaya."

"Na fomu inataka namba!"

"Basi hiyo ni shida ya fomu."

Nilikasirika wiki nzima. Mimi, Caren Nakhumicha, miaka thelathini na minne, mama wa wawili, nilikuwa nimeacha kazi ya kufulia watu nguo ili nisome na vijana walioniita mathe, yaani mama. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukifeli mara mbili, unafungasha virago. Sikuwa na nia ya kufungasha chochote.

Mara ya pili nililetewa Mama Sironka, mimba ya miezi saba. Mtahini alikuwa mwalimu Njogu, macho kwenye saa yake. Dakika ishirini, si zaidi.

"Takwenya," nilimsalimu mama kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia, akatabasamu kidogo.

Ile namba sikuigusa. "Mama, Sironka ndiye kifungua mimba?"

"Ndiyo."

"Nani alimfuata?"

"Nashipae." Akanieleza Nashipae alivyo mkaidi, anavyogombana hadi na mbuzi. Kila mtoto alikuja na habari zake, nami nikawa nachora vijistari pembeni mwa karatasi, kimoja kwa kila jina.

"Muulize ni wangapi, umalize," Njogu alininong'oneza. "Uko na dakika mbili."

Baada ya kumtaja Lemayian, mama aliinamisha macho sakafuni. Ningeweza kuruka hapo, nijaze kisanduku, nipite. Niliweka kalamu chini, nikangoja.

"Hapo katikati kulikuwa na mmoja," akasema polepole.

Sikuuliza jina la marehemu. "Pole sana, mama. Na wewe, hiyo siku ulikuwa aje?"

"Damu ilikataa kusimama. Walinibeba na blanketi."

"Muda umeisha," Njogu akasema.

"Mwalimu, nikate maksi, lakini hii namaliza."

Nikauliza alizalia wapi, damu ilimtoka kwa muda gani, na safari hii amepanga kuzalia wapi. Nyumbani, akasema. Nikamwambia hapana, safari hii ni hospitali, na nikamweleza sababu moja baada ya nyingine hadi akakubali. Kisha nikahesabu vijistari vyangu kimoyomoyo, nikajaza kisanduku.

Njogu aliisoma fomu mara mbili. Akakata alama nane za muda, akajumlisha. Hamsini na mbili. Pasi ilikuwa hamsini. Niliinyakua ile fomu kabla hajabadili mawazo, nikaenda kumwandikia Mama Sironka barua ya hospitali.