Mshipa wa Bwire

Bwire alianguka akipakia magunia ya mahindi kwenye lori Malaba, akafa kabla ya kufikishwa hospitalini. Maiti ikiwa bado mochari, mama yake alishaanza kusema kwamba mke wake, Truphena, alimtilia sumu kwenye chai. Ndiyo maana Daktari Amoit, mtafiti wa mishipa ya damu, alipoomba kipande kidogo cha mshipa wa moyo, Truphena alikubali. Alitaka ukweli.

Miezi ikapita. Siku moja Amoit akamwita maabara, akamkalisha mbele ya kompyuta. Alimweleza kwamba mashine hupenyeza mwanga ndani ya nyama, na mwanga unaorudi ndio unaochora picha. Kwenye kioo kulikuwa na duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati, upande mmoja umevimba na kuwa mweusi.

"Haya ni mafuta, mama. Yamejijenga miaka mingi, pengine kabla hata hamjajuana. Ngozi hii nyembamba ilipasuka, damu ikaganda, ikaziba njia."

"Kwa hivyo si chai?"

"Si chai."

Truphena akauliza, "Aliumia?"

"Kidogo. Haikuchukua muda," Amoit alisema, bila kumtazama.

Jumapili Truphena aliipeleka picha hiyo kwa wakwe zake Matayos, ikiwa ndani ya simu. Mama mkwe alikuwa akibambua njugu. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Ni mshipa wa Bwire, mama. Ugonjwa ndio ulimuua. Mimi sikumfanyia kitu."

"Ulikubali wamkate?" Mama mkwe alimrudishia simu kama kitu kinachounguza. "Tulizika mtoto wangu akiwa amepungua?"

Truphena akainuka kuondoka. Hakuna aliyemsindikiza hadi barabarani.

Nyumbani Burumba, majirani walikuwa wameacha kupiga hodi. Siku zikapita bila yeyote kulitaja jina la Bwire. Hatimaye akarudi maabara bila kuitwa.

"Naweza kumwona tena?"

Amoit akafungua picha, akamvutia kiti. "Alikuwa mtu wa aina gani?"

Tangu mazishi, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Alipenda kuimba kanisani," Truphena akasema, "na hakujua kuimba."

Amoit alicheka. Simu yake ikalia, akaomba radhi, akatoka. Truphena aliendelea kueleza, kwa sauti ya chini, akiliangalia lile duara.