Glasi Sita za Shampeni

Shampeni haina urafiki na kikombe cha chai. Karani alilijua hilo, ndiyo maana chupa aliyopewa na wenzake siku ya kustaafu ilikuwa bado frijini, shingoni ina utepe, ikimtazama kila alipofuata maziwa. Kufungua chupa si kazi. Kazi ni kumpata wa kunywa naye.

Kabatini alikuwa na bilauri nene za maji, na glasi pana za juisi ambazo mapovu yangezikimbia kabla mtu hajamtakia mwenzake heri. Zilizofaa hasa ni zile za marehemu mama, nyembamba na ndefu, zenye mguu mmoja kama korongo. Zilikuwa sita, yeye anazo tatu. Baada ya msiba, yeye na mdogo wake walizigawana sawa kwa sawa, kisha wakagombania cherehani, na tangu hapo hawasemezani. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Majirani walilima mpaka wakachoka, na hakuna aliyeitwa kuvuna.

Tuseme ukweli, upweke ulikuwa umemkaba. Lakini mkubwa kumwambia mdogo "nimekukumbuka" kulimshinda. Akaona bora glasi zimsemee. Akapiga simu.

"Dada?" Mdogo wake alishtuka. "Kwema?"

"Kwema. Nina shampeni hapa. Nilikuwa naomba zile glasi zako tatu."

"Una wageni wangapi?"

Hapo kiburi kikamponza. Aseme hana hata mmoja?

"Sita."

"Haya. Tuma mtu wa pikipiki."

Akatuma, huku akijiambia kuwa mdogo wake hawezi kumwachia mtu baki vitu vya mama, lazima atapanda nazo. Akaosha zake tatu, akazifuta, akazipanga mezani.

Dereva alifika peke yake, kakumbatia furushi la taulo.

"Amesema wageni sita, glasi sita, zimetimia."

"Basi? Hakusema kingine?"

"Hakusema, mama. Ila nilimkuta mlangoni kavaa nguo za kutokea, mkoba begani. Nikadhani nimekuja kumchukua yeye. Nilipomwambia nimetumwa glasi tu, akarudi ndani kuzifunga."

Karani akazitazama zile tatu za mezani, akalitazama furushi. Ndipo alipoelewa alichomwambia mdogo wake kwa ile sita: kwamba nyumba imejaa, na mdogo hana pa kunywea. Machozi yakamlenga, na hakuyaficha.

Akafungua furushi, akatoa glasi moja, akaifunga upya kwenye taulo na kumrudishia dereva.

"Mpelekee. Mwambie nimedanganya, sina mgeni yeyote. Hii ailete mwenyewe."

Dereva akaitia ndani ya jaketi, akaondoka taratibu. Karani akaweka nne kabatini, akaacha moja mezani. Kisha akavuta kiti cha pili, akakaa kusikiliza barabara.