Alt na H

Vidole vya shangazi vilitua juu ya kibodi taratibu, kama vinavyopapasa uso wa mtoto aliyelala. Akabonyeza Alt na H kwa pamoja. "Msaada," ikatamka sauti ya kompyuta. Shangazi akatabasamu, akataka kuufunga ukurasa.

"Subiri, shangazi," mpwa wake akasema.

Mpwa huyo ndiye aliyeutengeneza ukurasa ambamo walimu wa chuo huandika masomo yao. Ndiye aliyeweka juu kabisa maelekezo: kuhifadhi, bonyeza Alt na H. Aliujaribu kwenye kivinjari chake mwenyewe, programu anayofungulia kurasa za mtandao, ukatii, akajipongeza. Shangazi, ambaye macho yalimzima akiwa bado anafundisha, hana shughuli na kipanya. Kwake dunia ya kompyuta ni vitufe na sauti. Masomo yake yakawa yanapotea, leo hili, kesho lile, hadi mkuu wa chuo akaamua kwamba darasa lake litachukuliwa na mwalimu mwingine.

Juzi shangazi alimpigia simu kazini, akauliza kwa upole kama ukurasa una kasoro. Naye, wenzake wakimsikiliza, akapaza sauti: "Kompyuta haina kosa, shangazi. Labda vidole ndivyo vimezeeka." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Shangazi naye alicheka, kicheko kifupi, akaaga.

Sasa mpwa alikuwa anajionea. Kivinjari cha shangazi hakifanani na chake. Hiki hutaka na kitufe cha Shift kibonyezwe ndipo kiupelekee ukurasa amri; bila Shift, Alt na H ni mali yake chenyewe, hufungua menyu ya msaada. Amri ya kuhifadhi haikuwahi kuufikia ukurasa. Kuujaribu ukurasa kwenye kivinjari cha pili ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na hakuifanya.

"Kompyuta husema hivyo kila mara?" akauliza.

"Kila mara. Nami nikadhani inanijulisha kwamba imeshanisaidia."

Mpwa uso ukamwaka moto. Akashukuru kwamba shangazi hamwoni, kisha akaionea haya hata shukrani hiyo.

Angeweza kurekebisha kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Ila darasa la shangazi lingekwenda kwa mwingine. Akachukua simu, akampigia mkuu palepale, shangazi akisikia.

"Masomo hayakupotezwa na shangazi," alisema. "Nimeyapoteza mimi."

Akaeleza yote, na dhihaka ya ofisini hakuiruka. Mkuu akajibu kwamba atalitazama jambo hilo asubuhi, hakuahidi zaidi.

Mpwa alingoja shangazi amkemee, kwa maana kukemewa kungemtua mzigo. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri.

"Na wengine kama mimi, mwanangu," akauliza hatimaye, "wanaotumia kurasa zako nyingine. Wao wanampigia nani?"

Kurasa zote alizotengeneza zikampita mpwa kichwani, ya zahanati, ya maktaba, ya maombi ya kazi, na juu ya kila moja yakasimama maelekezo yake yaleyale, yamenyooka, yanajiamini.