Kibao cha Visiwa

...na mkono nao umeanza kufa ganzi, lakini Celestine akishusha kibao chake cha Visiwa tu, mwalimu atagonga meza, na akigonga azimio limepita, ndiyo sheria ya mkutano huu wa tabianchi wa Kidato cha Tatu, anayenyamaza amekubali... "Visiwa, tunakungoja," anasema mwalimu Nyamongo, nyundo ya karakana mkononi, jasho kwenye kipara, maana wageni kutoka kaunti wameketi nyuma na chai yao inapoa, na nchi nyingine zote zimekubali, Osoro, ambaye leo ni Nchi Tajiri, anachekacheka, "Celestine, wacha ngori, ubishi wa nini, shusha tuende tukule," na ni yeye aliyekifuta kifungu cha fidia akaandika tutashirikiana, kushirikiana gani, wewe uchafue hewa, mimi nizame, halafu tushirikiane... na visiwa vyenyewe Celestine hajaviona, hata bahari hajaiona, kibao alikiokota kwenye boksi kama wenzake, angekishusha, nani angezama hapa Nyamache milimani... lakini ile mvua ya mawe, mawe makubwa yaliyochuna chai yote ya mama ikabaki vijiti, halafu ule mkutano kwenye kituo cha kuuzia majani, mwenyekiti akasema fidia hakuna, kuna mwenye neno? na mama, ambaye nyumbani humnyamazishi, akatazama gambuti zake, akanyamaza kwa heshima kwa sababu wazee walikuwa na haraka, ikapita, ikasemwa wote wamekubali, wote!... "Celestine mwanangu," sasa si Visiwa tena, mwalimu amelainisha sauti, "usituaibishe mbele ya wageni," heshima tena, heshima hiyohiyo iliyomfunga mama mdomo, aibu gani, mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba hata nchi ndogo ikikataa hakuna kinachopita, au ulikuwa unafundisha mtihani tu... hasira imempanda na anaiona tamu, amebadilisha mkono, kibao kiko juu, nyundo iko juu, chai inapoa, wacha ipoe, na neno lililomjia si la Kiingereza cha mkutano wala si la Kiswahili cha wageni, ni hapana ya lugha ya jikoni kwao, ile mama aliyoimeza siku ile, ile ambayo ukiitamka darasani unaoshishwa choo wiki nzima, atakiosha, "Yaya," anasema, na kwa kuwa Osoro ameacha kucheka, anasema tena kwa sauti ifike mpaka nyuma, "Yaya, mwalimu."