Mlango wa Chumba cha Kushonea

Jumanne saa tano asubuhi msanii alikuwa amepiga magoti katikati ya ukumbi wa maonyesho, akibandika maikrofoni ndogo kwenye mlango wa chuma uliosimama peke yake bila ukuta. Aliupata kwa muuza vyuma chakavu. Ulikuwa mlango wa chumba cha kushonea cha kiwanda cha nguo kilichoungua miaka sita iliyopita, na komeo lake bado lilikuwepo, upande wa nje. Ukutani, video ilionyesha barabara ipitayo mbele ya kiwanda. Washonaji kumi na mmoja walifia humo, mmoja wao mama mdogo wa msanii. Ripoti ya tume iliyochunguza moto huo ilisema mlango ulikuwa wazi, ila wao walipagawa wasiuone.

Saa saba mchana mlango uligongwa kwa ndani. Mlinzi wa ukumbi alidhani kuna mgeni aliyekwama, akavuta komeo. Mama mdogo akatoka, ana uzi begani na kola ya shati mkononi. Aliomba maji, akanywa glasi tatu.

"Umekonda," alimwambia msanii. "Unakula kweli?"

"Nakula, mama mdogo. Nani aliwafungia?"

"Msimamizi. Alisema tunaiba vitambaa. Alifunga saa mbili na robo, kama kila siku."

Msanii alirekodi yote, picha na sauti. Kufikia Ijumaa washonaji wote walikuwa wametoka, wakanawa nyuso, wakaenda makwao. Wageni waliandika kwenye kitabu kwamba kazi imewagusa sana, ila foleni ya choo ilikuwa ndefu.

Jumatatu msanii na mama mdogo walikwenda ofisi ya tume. Karani aliwapa viti, akasikiliza rekodi hadi mwisho bila kukatiza.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini hapa umeandikwa marehemu, na marehemu hatoi ushahidi."

"Nikitaka niandikwe hai?"

"Hiyo ni ofisi nyingine. Watakudai barua kutoka kwetu."

"Basi nipe barua."

"Hatuwezi kumwandikia marehemu, mama."

Mama mdogo alimshukuru. Alikuwa mtu wa adabu tangu usichana wake.

Akahamia kwa msanii, akapanga upya vyombo vyote vya jikoni, akashona mapazia. Wiki ya tatu, kiwanda kilichojengwa upya kilitangaza kwamba kinatafuta washonaji wazoefu. Huko hakuna aliyejali nani ameandikwa wapi. Walitazama mishono tu. Wote kumi na mmoja waliajiriwa. Msimamizi alikuwa yule yule, na aliwauliza hali za watoto wao.

"Usiende," msanii alisema.

"Nikae hapa nikutazame ukigongagonga mabati? Cherehani ndiyo kazi ninayoijua, mwanangu."

Msanii alimsindikiza hadi ndani ya lango, kinasa sauti begani. Alitaka kusema neno lingine, lakini mama mdogo alikuwa ameshaingia pamoja na wenzake, wakicheka jambo fulani. Saa mbili na robo mlango wa chumba cha kushonea ulifungwa kwa komeo, kwa nje. Mlinzi wa kiwanda akamwomba asogee kidogo, gari la vitambaa lipite. Akasogea. Akavaa hedifoni, akasikiliza cherehani zikianza, moja baada ya nyingine, mpaka zikatimia zote.