Sheria ya Kutokwepa

Siku hizi hata kuzabana makofi ni kazi ya mtu, na kazi yenyewe ina sheria: mikono unaiweka nyuma, shavu unalitoa, na ukikwepa umeshindwa. Oyugi, mpakiaji wa magunia ya mahindi kule Turbo, alikuwa hajawahi kukwepa. Jumamosi hiyo, katika ukumbi mmoja mjini Eldoret, mpinzani wake, Kiprop, alimzaba makofi matatu ya kung'oa meno, naye akasimama tu kama nguzo ya stima. Refarii akamtangaza bingwa.

Mama yake, Amondi, aliyemlea kwa makofi tangu utotoni, akapanda jukwaani akitabasamu. Shavu la mwanawe lilikuwa jeupe kwa poda ya kiganja cha Kiprop. Akainua mkono ampanguse.

Bingwa akakwepa.