Uso wa Jamali Chini ya Remorki

Jamali alipomwacha Aziza, aling'oa mabati yaliyokinga sakafu ya mbao ya remorki, tela la kukokotwa na gari, ambamo Aziza hulala akienda kuuza vitenge Nyanza-Lac. Alitaka mawe ya barabarani yaitoboe na maji yaiozeshe.

Aziza hakulia. Alichukua kibao cha bati cha kutangaza saluni ya Jamali, ambacho mwenyewe alikisahau uani, chenye picha ya uso wake, akakifunga chini ya remorki, uso ukitazama barabara. Kingo akaziziba kwa lami.

Siku moja Jamali alimkuta sokoni Rumonge.

"Kibao changu kiko wapi?"

"Inama utazame."

Aliinama. Jicho moja lilikuwa limebanduka, mdomo umejaa matope.

"Nirudishie, Aziza!"

"Bado pua," Aziza akajibu, akawasha gari. Alipofika Kizuka alifuata upande wenye kokoto nyingi, akakanyaga mafuta, akisikiliza kila jiwe likigonga, na moyo wake ukapoa.